Nakshi za Mawe katika Makanisa ya Vijiji vya Magharibi ya Ufaransa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama)



Halmashauri ilipotutaka tuseme maneno machache jioni hii, ilituachia hiari ya kuchagua habari ya kusema. Tumechagua habari ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kuonekana kuwa mbali sana na meza zetu, majalada yetu na mihuri yetu, nayo ni kazi ya mawe iliyochongwa, yapata miaka mia tisa iliyopita, katika makanisa ya vijiji vya magharibi ya Ufaransa. Hatukuja kuhubiri dini, maana Chama hiki kina watu wa dini mbalimbali. Wala hatukuja kulisifu taifa la wengine. Tumekuja kusema habari za kazi, na za mtu apewaye kazi mahali padogo, mbali na macho ya wakubwa. Hilo, twadhani, kila karani aliyepata kuhamishiwa wilaya ya mbali analijua vizuri.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Msafiri akitoka Paris kuelekea kusini-magharibi hufika Poitiers, mji mkuu wa zamani wa jimbo la Poitou. Akiendelea mbele huingia Saintonge, nchi ya mji wa Saintes na mto Charente, ambayo hukoma kwenye bahari ya Atlantiki. Ni nchi ya tambarare, yenye mizabibu na mashamba ya ngano, na kwenye ukingo wa bahari yalikuwako mashamba ya chumvi. Katika karne ya 11 na ya 12 nchi hizo zilitawaliwa na Watawala wa Aquitaine, ukoo wenye nguvu kupita wafalme wengi wa siku zile. Binti wa ukoo huo, Bibi Eleanor, aliolewa na mrithi wa kiti cha ufalme wa Ufaransa mwaka 1137. Na ndoa ile ilipotanguka aliolewa mwaka 1152 na Henry, ambaye miaka miwili baadaye alitawazwa mfalme wa Uingereza. Kwa hayo mwaweza kuona jinsi nchi ile ilivyotamaniwa.

Utajiri wake ulitoka katika chumvi na divai, na katika misitu iliyofyekwa ikawa mashamba. Tena palikuwa na njia ya mahujaji. Watu wengi wa Ulaya walikuwa wakienda kwa miguu kuzuru kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela, katika Hispania, na njia moja kubwa ilipita Tours, Poitiers, Aulnay na Saintes. Basi watu walipoongezeka, na mazao yalipopatikana, kila kijiji kilitaka kanisa la mawe. Katika muda wa miaka mia na kidogo yalijengwa mamia ya makanisa katika nchi ile, na mengi yasimama hata leo.

Mtindo wa majengo hayo waitwa Romaneski, yaani mtindo wenye kufanana na ule wa Warumi wa kale, kwa ajili ya kuta zake nene na matao yake ya mviringo. Walakini jina hilo halikujulikana na waliojenga. Lilitolewa mwaka 1818 na mtaalamu mmoja wa Kifaransa, Charles de Gerville, baada ya mafundi wenyewe kulala makaburini karne nyingi. Wao hawakujua kwamba wana mtindo. Walijua kwamba wana kazi. Ili tupate kupima wakati huo kwa kipimo cha kwetu, tukumbuke maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambayo yataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Fundi wa Kizimkazi na mafundi wa nchi tunayoisema leo waliishi katika zama moja, ingawa hawakujuana.

Sasa tuje kwenye jiwe. Jiwe la Saintonge ni jiwe la chokaa, jeupe na laini. Likiwa limetolewa chimboni karibuni lina maji ndani yake, na tindo huingia pasipo taabu nyingi. Likikaa upeponi maji hutoka na uso wake huwa mgumu. Watu wa pwani yetu, waliozoea kuchonga matumbawe yangali mabichi, hawataona ajabu. Jiwe la namna hii humpa fundi ruhusa ya kufanya mambo madogo: ukucha wa ndege, ukosi wa vazi, jani lililojikunja. Lakini ruhusa hiyo ina bei yake, maana jiwe lipokealo tindo kwa urahisi hupokea kwa urahisi vilevile mvua na baridi ya miaka mia nyingi.

Katika sehemu nyingine za Ufaransa, juu ya mlango mkubwa wa kanisa huwekwa ubao wa jiwe wenye umbo la nusu mwezi, na juu yake huchongwa picha moja kubwa. Mafundi wa Saintonge mara nyingi hawakufanya hivyo. Mlango wao ni matao yaliyopangwa moja ndani ya jingine, kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa kokoto, na nakshi zimo katika mawe yenyewe ya matao. Kila jiwe la tao lina umbo la kabari, nene juu na jembamba chini. Fundi alilichonga lingali chini, akaweka ndani yake umbo moja, mtu au mnyama. Kisha likapandishwa juu na kubanwa na wenzake. Kwa hiyo kila jiwe ni kazi nzima peke yake, na tena ni sehemu ya kazi ya wote. Likikosekana moja, tao halisimami.

Mpango huo ulileta neno ambalo karani wa hesabu hawezi kuliacha lipite. Kitabu cha Ufunuo chasema kwamba wazee ishirini na wanne wamekizunguka kiti cha enzi, wakiwa na vinubi na vitasa vya dhahabu. Wazee hao walipendwa sana na mafundi, maana wafaa kupangwa kwenye tao. Basi nendeni kanisa la Mtakatifu Petro la Aulnay, kwenye mlango wa upande wa kusini, mkawahesabu: wazee ni 31. Nendeni na Saintes, kwenye kanisa la watawa wa kike, liitwalo Abbaye-aux-Dames, mkahesabu tena: wazee ni 54! Je, mafundi hawakujua kuhesabu? Walijua sana. Tao lilikuwa na mawe mengi kuliko ishirini na manne, na fundi hakutaka kuacha jiwe tupu. Kati ya hesabu ya kitabu na hesabu ya tao, alifuata hesabu ya tao, akawaongeza wazee. Sisi hatumshauri mtu yeyote afanye hivyo katika daftari la mishahara.

Na tukae kidogo hapo Aulnay, kwa kuwa wengi husema kwamba hapana kanisa la kijiji katika nchi ile lililochongwa vizuri kulishinda. Si kanisa la mji. Lasimama nje ya kimji kidogo, katikati ya makaburi na miti, nalo lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 12. Uso wake wa magharibi una mlango mmoja na matao mawili yasiyo na mlango, moja kila upande. Katika tao la kushoto amechongwa Mtakatifu Petro akisulubiwa kichwa chini miguu juu, kama mapokeo ya Wakristo yasemavyo, na watu wawili wakipigilia misumari. Katika tao la mlango wa katikati wamo wanawake waliovaa mavazi ya vita, wenye ngao, wakiwakanyaga mashetani chini ya miguu yao: hao ni Fadhila, nao wamewashinda Maovu. Twawaomba Mabibi waliohudhuria walitazame hilo kwa makini. Fundi alipotaka kuonyesha nguvu ya wema hakuchonga askari wa kiume; alichonga wanawake, nao hawana hasira usoni, wamesimama tu juu ya adui zao kama watu waliokwisha kumaliza kazi.

Tao la nje kabisa lina buruji kumi na mbili za mbinguni, Hamali, Thauri, Jauza na wenzao, na pamoja nazo kazi za miezi kumi na miwili. Kalenda za mawe namna hii zilipendwa sana Ufaransa. Humwonyesha mtu akiota moto wakati wa baridi, mtu akipogoa mizabibu, mtu akivuna ngano kwa mundu, mtu akiipura, mtu akichuma zabibu, mtu akimnenepesha nguruwe wa sikukuu. Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu mkulima aliyeingia kanisani na matope miguuni aliona juu ya kichwa chake, katika mlango ule ule wenye malaika na watakatifu, picha ya jasho lake mwenyewe. Mkono ulioshika mundu ulihesabiwa kuwa wastahili kuchongwa.

Mlango wa kusini una mambo mengine. Tao lake la nje limejaa wanyama wa kila namna, wa kweli na wa kubuniwa, na mmoja wao ni punda apigaye kinubi. Watu wamebishana sana juu ya punda huyo. Wengine husema kwamba ni onyo kwa mtu asikiaye neno la hekima asilielewe, kwa kuwa tangu zamani za Warumi punda mwenye kinanda alikuwa mfano wa mjinga. Wengine husema kwamba fundi alitaka kuchekesha tu. Sisi hatuoni kwamba lazima tuchague. Mtu mwenye busara aweza kuonya na kuchekesha kwa neno moja. Chini ya watu watukufu wa matao yale wamo watu wadogo waliopiga magoti, nao wamewabeba wakubwa juu yao kwa mikono na vichwa. Hao hawana vinubi wala vitasa. Tulipowaona tuliwatambua mara moja: hao ndio makarani wa tao.

Ndani ya kanisa hilo kuna kichwa cha nguzo kinachotuhusu sisi watu wa Afrika. Juu yake wamechongwa tembo watatu, na juu ya tembo hao yameandikwa maneno ya Kilatini, HI SUNT ELEPHANTES, maana yake, “Hawa ni tembo.” Fundi aliona haja ya kuandika, na haja hiyo si ngumu kuielewa. Katika nchi ile hapakuwa na mtu aliyepata kumwona tembo njiani. Khalifa Harun al-Rashid alimpelekea mfalme Charlemagne tembo mmoja, ambaye alifika Ulaya mwaka 801 na kufa mwaka 810, lakini hayo yalikuwa yamepita zaidi ya miaka mia tatu. Yaelekea fundi wetu alipata sura ya mnyama huyo katika vitabu au katika nguo za hariri zilizotoka Mashariki. Iko hariri moja ya namna hiyo ambayo imehifadhiwa hata leo katika nyumba ya makumbusho ya Louvre. Ilifumwa huko Khurasani kabla ya mwaka 961, ina picha za tembo na maandishi ya Kiarabu kwa herufi za Kikufi, nayo ilitumika kufungia mifupa ya mtakatifu mmoja katika kanisa la kaskazini ya Ufaransa. Hivyo ndivyo mambo yalivyosafiri. Na pembe za tembo wa pwani yetu nazo zilikuwa safarini: al-Masudi, aliyekufa mwaka 956, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko Bara Hindi na Uchina.

Twamheshimu mtu huyo aliyechonga tembo asiyemjua. Hakuridhika kusema, “Kijijini hapa hapana atakayenisahihisha.” Alitafuta habari, akaichonga kwa uangalifu, kisha akaweka maandishi chini ya mkono wake, kama karani aandikavyo maelezo pembeni ya barua ili mwenzake ajaye baadaye asipotee.

Wako watu wasemao kwamba nakshi hizi zote zilikuwa Biblia ya maskini, yaani kitabu cha watu wasiojua kusoma. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Kama nia ingekuwa kufundisha wasiojua kusoma tu, kwa nini kuandika Kilatini juu ya tembo? Na kwa nini kuchonga vitu mahali pasipoonekana vizuri? Maana juu ya kuta za makanisa hayo, chini ya ukingo wa paa, kuna safu ya mawe mafupi yanayotokeza nje kushikilia ukingo, na karibu kila moja limechongwa: uso wa mtu mwenye kujivuta mdomo, mbwa, kondoo, mpiga zumari, mwana-sarakasi aliyepindua mwili, mtu mwenye pipa. Yako juu sana, kwenye kivuli, na mtu asimamaye chini huyaona kwa shida. Katika kijiji cha Rioux, karibu na Saintes, ukuta wa nyuma wa kanisa, upande usio na mlango, umefunikwa kwa nakshi za mistari na maua, kana kwamba fundi alifuma mkeka kwa jiwe. Katika Échillais, kwenye uso wa kanisa, kuna kichwa cha nguzo chenye sura ya dubwana aliyefumbua kinywa na kuimeza nguzo yenyewe. Hakuna fundisho lililolazimisha kazi yote hiyo. Ililazimishwa na jambo jingine: fundi alijua namna ya kufanya vizuri, naye hakuweza kufanya vinginevyo.

Na majina yao? Karibu yote yamepotea. Wataalamu huweza kutambua mkono ule ule katika kanisa hili na lile, na kusema kwamba kundi moja la mafundi lilitoka hapa likaenda pale; lakini mtu mwenyewe hana jina. Liko jambo la pekee katika Chauvigny, upande wa Poitou. Humo, katika kanisa la Mtakatifu Petro, juu ya kichwa kimoja cha nguzo yameandikwa maneno GOFRIDUS ME FECIT, yaani, “Gofridus alinifanya.” Jiwe ndilo lisemalo, nalo lamtaja fundi wake. Ni jina moja kwa maelfu ya mawe. Hao wengine walipokea ujira wao, wakakusanya tindo zao, wakaenda kijiji kingine.

Mabwana na Mabibi, wahenga walisema kwamba chema chajiuza. Tungependa iwe hivyo daima, lakini habari za makanisa haya zatufundisha kwamba sivyo. Chema hiki kilikaa miaka mia nyingi bila mnunuzi. Katika vita vya dini vilivyoichafua Ufaransa kutoka mwaka 1562 mpaka 1598, makanisa mengi ya Poitou na Saintonge yaliharibiwa, na vichwa vya watakatifu vilikatwa kwa nyundo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1789 mali ya Kanisa ilichukuliwa na taifa. Majengo mengine yaliuzwa, na wanunuzi wakayavunja ili kupata mawe. Abbaye-aux-Dames ya Saintes, iliyoasisiwa mwaka 1047, ikawa gereza, kisha kambi ya askari. Katika Talmont, kanisa lililojengwa juu ya jabali kando ya maji ya Gironde, bahari ililila jabali hata sehemu ya kanisa ikaanguka. Na pasipokuwa na vita wala bahari, palikuwa na dharau: watu wenye elimu waliona kazi hizi kuwa za kishenzi, za watu wasiojua kanuni za urembo.

Aliyebadili mambo hayo hakuwa jemadari wala tajiri. Alikuwa mtumishi wa Serikali. Mwaka 1830 Serikali ya Ufaransa ilianzisha kazi ya Mkaguzi Mkuu wa Majengo ya Kale, na mwaka 1834 kazi hiyo alipewa Prosper Mérimée, mtu wa miaka thelathini, ambaye wengi humjua kwa hadithi zake alizotunga kuliko kwa kazi yake ya ofisi. Alisafiri kwa magari ya farasi katika njia mbaya, akalala katika nyumba za wageni zenye viroboto, akapima, akachora, akaandika taarifa. Mwaka 1836 alichapisha kitabu cha safari yake ya magharibi ya Ufaransa. Huko Saint-Savin, katika Poitou, alikuta picha za ukutani za zama zile zile za Romaneski katika hatari ya kupotea, akazipigania mpaka zikaokolewa. Huko Saintes, watu walipotaka kubomoa daraja la kale lenye tao la Warumi, alisimama kulitetea tao. Likafunguliwa jiwe kwa jiwe tangu mwaka 1843 na kujengwa tena kando ya mto, ambako liko hata leo. Aliwaogopa watengenezaji wabaya sawasawa na wabomoaji, maana mbomoaji huacha angalau kifusi cha kweli, bali mtengenezaji mbaya huacha uongo uliopakwa rangi.

Mwaka 1837 iliundwa Halmashauri ya Majengo ya Kale, na mwaka 1840 ikatoka orodha ya kwanza ya majengo yaliyohitaji ulinzi, yapata 1000. Kanisa la Aulnay lilikuwamo. Fikirini jambo hilo. Mafundi walichonga jiwe bila kutazamia mkaguzi yeyote. Miaka mia saba ikapita. Kisha mkaguzi akaja kweli, na alipokuja alikuta kazi iko tayari kukaguliwa. Nayo iliokolewa na nini? Iliokolewa na orodha: karatasi, wino, jina la mahali, na maelezo mafupi. Sisi ambao siku zote huambiwa kwamba tunapoteza maisha yetu katika makaratasi, twaweza kujibu kwamba yako makaratasi yaliyozuia kuta zisianguke.

Ulinzi haukukoma hapo. Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 ilitenga Serikali na dini katika Ufaransa, na kwa taratibu iliyofuata, makanisa ya vijiji yaliyokuwako wakati ule ni mali ya halmashauri za vijiji. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1913 iliimarisha ulinzi wa majengo ya kale. Mwaka 1998 kanisa la Aulnay liliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia, pamoja na majengo mengine ya njia za mahujaji. Walakini heshima ni jambo moja, na vigae vya paa ni jambo jingine. Kijiji chenye watu mia chache, na shule ya kutunza na barabara ya kutengeneza, kinaporithi kanisa la miaka mia tisa, kina mzigo mzito. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukibeba chumvi, na chumvi hula uso wa jiwe. Saruji iliyopakwa kwa nia njema katika karne ya 20 mara nyingi imezidisha ubaya, kwa kuwa huyazuia maji yasitoke, na mafundi wamerudia chokaa ya kale. Tangu mwaka 2018 Ufaransa imekuwa na bahati nasibu ya kusaidia majengo ya urithi, ili fedha za watu wa nchi nzima zifike na vijijini. Hata hivyo haziwezi kutosha kila mahali, na kila uso unaofutika hauna nakala.

Basi tuyakusanye maneno yetu. Tumesema habari za watu walioitwa kufanya kazi vijijini, ambao wangaliweza kufanya kazi ya kijijini, wakafanya kazi ya kifalme. Mahali padogo hapakuwa sababu ya kazi ndogo. Kwetu sisi yako maneno yanayosikika sana: kwamba mtu hupewa kituo cha mbali kwa kuwa amesahauliwa, na kwamba kwa kuwa amesahauliwa, daftari lake laweza kukaa hivyo hivyo. Twayajua manung'uniko hayo, nayo si ya bure. Mtu atendaye vema ana haki ya kutambuliwa na kupandishwa, na Chama hiki hakitaacha kulidai jambo hilo kwa wanaohusika. Lakini kudai haki ni jambo moja, na kuiharibu kazi kwa kungoja haki ni jambo jingine. Mawe ya Rioux hayakungoja.

Na la pili. Kazi njema isipoandikwa hupotea. Katika vituo vyetu tunakofanya kazi iko misikiti ya kale, yako makaburi ya nguzo, iko milango iliyochongwa na nyumba za matumbawe ambazo miti imeota ndani yake. Si kila moja yaweza kuokolewa, wala si kazi ya karani kuiokoa. Ila karani aweza kufanya lile alilolianza Mérimée: aandike jina la mahali, apime urefu na upana, awaulize wazee ni nani aliyejenga, atie tarehe, aweke nakala mahali pasipofikiwa na mchwa. Twapendekeza kwamba Katibu wa Chama apokee maelezo ya namna hiyo kutoka kwa mwanachama yeyote, na yachapishwe katika kurasa hizi nafasi ikiwapo. Pengine atakayeyatumia hajazaliwa bado.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyotaka kusema.